Barabara Isiyo na Majeruhi: Kikao cha Dharura Kuhusu Ruzuku ya Usalama Barabarani

JUMUIYA YA WASWAHILI WA HAYES NA SOUTHALL
KAMATI YA UTENDAJI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 12 OKTOBA 2025

Mahali: Chumba cha nyuma cha duka la vigae la Bw. Alnashir Virani, Hayes, London
Kuanza: Saa nane na dakika ishirini mchana (mwaliko ulisema saa nane kamili)

WALIOHUDHURIA
Bw. Elkana Nyakundi – Mwenyekiti
Bi. Mumbi Gathogo – Makamu Mwenyekiti
Bi. Haifa Said Mselem – Katibu
Bw. Ameir Makame – Mjumbe
Bw. Victor Simiyu – Mjumbe

ALIYEALIKWA
Bi. Mardhiya Khamis Faki – Mwanachama, mke wa Bw. Ameir. Aliomba mwenyewe kwa barua.

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bw. Déogratias Mushagalusha – Mjumbe (zamu ya kazi, uwanja wa ndege)

ALIYEKOSA BILA UDHURU
Bw. Alnashir Virani – Mjumbe (alikuwa upande wa pili wa ukuta, akiuza vigae)

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA KIKAO

Bw. Ameir aliomba dua na Bi. Mumbi akasali, kama ilivyo kawaida ya kamati. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuacha mapumziko yao ya Jumapili. Alieleza kwamba kikao kimeitishwa kwa dharura kwa sababu fomu ya ruzuku ya usalama barabarani inatakiwa kufika Kaunsili, yaani halmashauri ya mji, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 17 Oktoba. Alikumbusha kwamba fedha hizo ni za serikali, hupitia Kaunsili, na hupewa vikundi vya wananchi vyenye mpango wa kupunguza ajali mitaani kwao. Hazitolewi kwa vikundi vyenye malalamiko tu.

Mwenyekiti alisema kikao hakitazidi saa moja.

KUMB. NA. 2/10/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilisomwa. Bi. Mumbi alisema maneno yake kuhusu Mwenyekiti kufanya maamuzi peke yake yamepunguzwa makali. Katibu alikubali kwamba yalipunguzwa. Ilikubaliwa yarudishwe kama yalivyosemwa, na kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/10/2025: YATOKANAYO – BARUA YA KUKATALIWA

Katibu alisoma barua ya Kaunsili ya tarehe 3 Julai. Maombi ya kwanza ya jumuiya, yaliyopelekwa mwezi wa Aprili, yalihusu barabara ambayo wanachama huiita Barabara ya Maghala. Inaanzia kituo cha basi na kupita mbele ya maghala ya mizigo, na kwa urefu wote huo haina zebra, yaani kivuko cha waenda kwa miguu, hata moja. Kila alfajiri wanachama wengi huivuka kwa miguu, wengine wakienda kazini maghalani, wengine wakienda kuwahudumia wazee majumbani upande wa pili.

Barua ilisema maombi yameandikwa vizuri. Ilisema pia kwamba katika miaka mitano hakuna hata mtu mmoja aliyeandikwa kuumizwa na gari katika barabara hiyo, na kwamba fedha hupelekwa kwanza mahali ambapo watu wameumia.

Bi. Mumbi, ambaye ni muuguzi, alisema haamini hesabu hiyo. Mwenyekiti alisema kuamini au kutoamini hakubadilishi barua. Bw. Victor aliomba dirisha lifunguliwe. Lilifunguliwa.

KUMB. NA. 4/10/2025: PENDEKEZO LA MWENYEKITI

Mwenyekiti alipendekeza kwamba maombi ya safari hii yaache Barabara ya Maghala na badala yake yahusu mtaa wa shule ya msingi kule Southall, ambako watu watatu wameandikwa kuumia. Alisema: "Wanataka takwimu. Tuwape takwimu. Tukipata ruzuku mwaka huu, mwaka ujao tutarudi kwenye maghala tukiwa na jina."

Bw. Victor aliunga mkono kabla hajaulizwa.

Bi. Mumbi alipinga. Alisema mtaa huo wa shule tayari una zebra mbili, matuta, na mama mwenye koti la njano anayesimamisha magari asubuhi na jioni. Aliuliza: "Tukienda pale tutafanya nini, Mzee? Tumshikie yule mama mwavuli?"

Bw. Ameir alisema yeye angependa jumuiya ibaki na Barabara ya Maghala. Alieleza kwamba hata mke wake aliteleza kwenye barafu katika barabara hiyo mwezi wa Januari akavunjika mguu, ingawa anaelewa kwamba kuteleza si jambo la magari na haliwezi kuingia kwenye fomu.

Hapo Bi. Mardhiya aliomba kusema. Mwenyekiti alisema mgeni mwalikwa atapewa nafasi kwenye Mengineyo. Katibu alisoma barua ya Bi. Mardhiya, iliyokubaliwa na Mwenyekiti mwenyewe kwa saini yake tarehe 9 Oktoba, ambamo aliomba kusema "kuhusu ile barabara." Mwenyekiti alisema hakuwa ameisoma yote. Alimruhusu.

KUMB. NA. 5/10/2025: MAELEZO YA BI. MARDHIYA KHAMIS FAKI

Kwa ombi la msemaji, maneno yake yameandikwa kama yalivyosemwa pale ilipowezekana.

Bi. Mardhiya alisimama. Alisema: "Mie sikuteleza. Siku ile hapakuwa na barafu, palikuwa na manyunyu tu. Mie niligongwa na gari."

Mwenyekiti alisema: "Bi. Mardhiya, hilo tulikubaliana."

Bi. Mumbi aliuliza nani alikubaliana na nani.

Mwenyekiti alimwagiza Katibu asiandike maneno hayo. Katibu aliuliza kama agizo lenyewe liandikwe. Kisha akaendelea kuandika.

Bw. Ameir alimuuliza mke wake aligongwa na nani. Kabla Bi. Mardhiya hajajibu, Bw. Victor alisimama akasema: "Ni mimi, Ameir. Mimi ndiye nilimgonga."

Bw. Ameir alisema: "Tangu Februari mimi nakaa kiti cha mbele cha gari lako. Kila asubuhi. Nikikupa pesa ya mafuta unakataa, nami naenda nyumbani namwambia mke wangu, Victor ni ndugu." Aliomba kutoka. Alitoka kupitia dukani. Kikao kilisimama kwa dakika kumi na tatu. Katika muda huo Bw. Alnashir alifungua mlango kuuliza kama kuna tatizo, akaambiwa lipo, akaufunga.

Bi. Mumbi alisema kwamba Mwenyekiti hawezi kuongoza jambo ambalo yeye mwenyewe ni sehemu yake. Mwenyekiti alisema yeye ndiye aliyechaguliwa. Bi. Mumbi alisema ndiyo, na ndiyo sababu. Bw. Elkana aliondoka kwenye kiti cha mbele na kukaa karibu na dirisha. Kuanzia hapa kikao kiliongozwa na Bi. Mumbi.

Bw. Ameir alirudi na kukaa karibu na mke wake. Bi. Mardhiya aliendelea.

Alieleza kwamba tarehe 14 Januari, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, alishuka kwenye basi akienda kumwamsha na kumwogesha mzee mmoja anayemhudumia. Bado palikuwa na giza. Alivuka mahali wanapovuka wote. Gari dogo la mizigo lilikata kona kuingia ghalani na kumrusha ukingoni mwa barabara. Mfupa wa mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti. Dereva alisimama, akamtambua, akaanza kulia. Ndiye aliyembeba na kumpeleka hospitali. Njiani alimwomba aseme ameteleza, kwa kuwa leseni yake tayari ilikuwa na makosa na ilikuwa karibu kufungiwa. Bi. Mardhiya alisema hivyo hospitali, na jioni akasema hivyo nyumbani.

Siku ya tatu Bw. Elkana alifika nyumbani kwake pamoja na Bw. Victor, wakati Bw. Ameir yuko kazini. Bi. Mardhiya alisema: "Mzee Elkana aliniambia, haya ni mambo yetu, tuyamalize sisi kwa sisi. Akaniambia Ameir ana hasira za haraka, na huyu ni kijana, ana mama Bungoma anamtegemea. N'kaona ni kweli. Mie nami ni mama. N'kanyamaza. Wiki kumi na moja n'lilala, sina kazi, n'kanyamaza. Wala sikuona kama nimefanya baya. N'liona nimestiri mtu."

Bi. Mumbi aliuliza ni nini kilichobadilika.

Bi. Mardhiya alisema kwamba Jumatatu iliyopita, tarehe 6 Oktoba, binti mmoja anayeitwa Shiro, mwanafunzi anayefanya kazi maghalani asubuhi, aligongwa na kioo cha pembeni cha gari jingine mahali palepale. Bega liliteguka. Gari halikusimama. Bi. Mardhiya alikwenda kumtazama, akamuuliza kama ameripoti polisi.

"Akaniambia, Auntie, niripoti ya nini? Mimi nilikuwa kituoni siku ile yako. Nilikuona ukigongwa. Kama wewe mtu mzima ulivunjika mguu ukanyamaza, mimi na hili bega ni nani?"

Bi. Mardhiya alisema hakupata usingizi siku mbili. Siku ya tatu alimuuliza Katibu, aliyekutana naye msikitini, kwa nini maombi ya ruzuku yalikataliwa. Katibu alimjibu kwamba kwa mujibu wa Kaunsili hakuna aliyewahi kuumia pale. Katibu anathibitisha kwamba alijibu hivyo, na kwamba hakujua alikuwa anamwambia nani.

Bi. Mardhiya alimalizia hivi: "Wamekataa kwa sababu yangu. Mie ndiye niliyeifanya ile barabara ionekane salama. Sitaki Victor afungwe. Sitaki hata aapizwe. Nataka ile barabara iandikwe."

Alikaa.

KUMB. NA. 6/10/2025: MAJADILIANO

Bi. Mumbi alisema, kama muuguzi, kwamba alimtembelea Bi. Mardhiya mwezi wa Januari na kuona picha ya mguu. Alijua kwamba mtu aliyeteleza havunjiki vile. Hakuuliza, kwa sababu aliona haimhusu. Aliomba neno hilo nalo liandikwe, asije akaonekana yeye ndiye msafi chumbani.

Bw. Elkana aliomba kusema akiwa mjumbe wa kawaida. Alieleza kwamba aliendesha basi katika mji huu kwa miaka ishirini na tisa. Aliwahi kuona dereva mwenzake, Mkenya, akifungiwa leseni asubuhi. Kufika mwisho wa mwezi hana kazi, kufika mwisho wa mwaka hana nyumba. "Mimi ndiye nilimsaidia kubeba vitu vyake," alisema. "Victor aliponipigia simu, yule mtu ndiye nilimwona. Sikumwona Mardhiya. Huo ndio ukweli. Nilimwona dereva, kwa sababu mimi ni dereva."

Bw. Ameir alimuuliza kama alipokuja nyumbani kwake aliuona mguu. Bw. Elkana alisema aliuona. Bw. Ameir alisema: "Basi ulimwona Mardhiya." Bw. Elkana alisema ndiyo, alimwona. Alimwomba radhi Bi. Mardhiya, kisha Bw. Ameir. Bi. Mardhiya alipokea. Bw. Ameir alisema amesikia.

Bw. Elkana alisema pia kwamba mwezi wa Aprili alitia saini maombi ya kwanza akijua kwamba sehemu inayouliza kuhusu majeruhi imeachwa tupu, na akijua ilivyopaswa kujazwa. Barua ya kukataliwa ilipokuja hakushangaa. Ndiyo maana alitaka kuhamia mtaa wa shule, "ili nisiwe napita karibu na hilo jambo kila kikao." Aliomba kujiuzulu uenyekiti. Bi. Mumbi alisema ombi hilo litashughulikiwa fomu ikishapelekwa, kwa kuwa leo kila mtu anahitajika mezani.

Bi. Mumbi alisema suala lililobaki ni la Bw. Victor, na kwamba kamati haina mamlaka ya kumlazimisha mtu kujipeleka polisi. Aliongeza kwamba Bi. Mardhiya na Shiro wana haki ya kuripoti wakati wowote, na hakuna atakayewazuia tena. Lakini asingependa Bw. Victor aletewe jambo hilo na wengine.

Bw. Victor alisema: "Nimekuwa nikilingoja tangu Januari. Kila simu ikilia nadhani ni hiyo. Nikiwa na Ameir kwenye gari, akicheka, mimi sisikii anachosema. Leseni ni yangu na kosa ni langu. Kesho asubuhi nitaenda mwenyewe."

Bw. Elkana alisema atakwenda naye. Bw. Victor alisema si lazima. Bw. Elkana alisema anajua si lazima.

Mjadala ulihamia kwenye fomu. Katibu aliuliza kama katika maelezo iandikwe kwamba dereva wa tarehe 14 Januari ni mwanachama wa jumuiya. Bw. Victor alitaka jina lake liandikwe. Bi. Mumbi aliona itaifanya Kaunsili idharau jumuiya. Mabishano yalikuwa marefu, na baadhi ya maneno yalisemwa kwa Kiingereza ili yaonekane ya kiofisi. Bw. Ameir alisema: "Andikeni dereva. Si kwa ajili ya kumlinda. Wa Januari alikuwa Victor. Wa wiki iliyopita hatumjui. Mkiandika Victor, watadhani tatizo limeshapatikana jina." Wote walikubali, pamoja na Bw. Victor.

Kuhusu mpango wenyewe, Bw. Elkana alitaja vipeperushi na vizibao vinavyong'aa, kama ilivyoandikwa mwezi wa Aprili. Bi. Mardhiya alisema siku ile alikuwa amevaa kizibao kinachong'aa, na bado anacho, kimechanika begani.

Bw. Victor aliomba kueleza jambo ambalo alisema kila dereva analijua na hakuna fomu inayoliuliza. Alieleza kwamba katika ghala lile, gari likifika getini hata dakika tatu baada ya muda wake, hurudishwa mwisho wa foleni, na dereva huandikwa. Akiandikwa mara tatu hunyang'anywa njia aliyopangiwa. "Ile asubuhi nilikuwa nimechelewa dakika nne. Sisemi ni kisingizio. Nasema mwendo unatoka getini. Mkimpa Bi. Mardhiya vizibao kumi, mimi bado nitakuwa nimechelewa dakika nne."

Bi. Mumbi alimuuliza kama atakuwa tayari kusema hivyo mbele ya wasimamizi wa maghala. Bw. Victor alisema baada ya kesho huenda hatakuwa na kazi ya kuogopea. Palikuwa na kicheko kidogo. Bw. Ameir hakucheka, lakini alisema hilo la geti ndilo neno la kwanza la maana alilosikia tangu kikao kianze.

KUMB. NA. 7/10/2025: MAAZIMIO

Kikao kiliazimia kwamba maombi yabaki kwenye Barabara ya Maghala. Pendekezo la kuhamia mtaa wa shule liliondolewa na mwenye kulileta.

Iliazimiwa kwamba Bi. Mardhiya na Shiro wataripoti polisi kilichowapata kabla ya fomu kupelekwa, ili kila tarehe itakayoandikwa kwenye fomu iwe na ripoti nyuma yake. Bi. Mumbi atafuatana nao. Bi. Mardhiya atamwendea Shiro leo hii kabla ya yeye mwenyewe kuingia zamu ya jioni, kwa kuwa alisema yeye ndiye aliyemfundisha kunyamaza na hawezi kumtuma mtu mwingine kwenda kumfundisha kusema.

Mpango utakaoombewa ruzuku utakuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni wanachama waliofunzwa kusimama barabarani alfajiri na kifaa cha kupimia mwendo wa magari, kile ambacho Tanzania kinaitwa tochi, na kupeleka vipimo Kaunsili kila mwezi. Ya pili ni mafunzo kwa madereva wa maghala kwa lugha zao, yakiendeshwa na madereva wenzao; Bw. Elkana aliombwa kuyaongoza, na alikubali baada ya kuuliza mara mbili kama ni yeye wanayemtaka. Ya tatu, ambayo Bw. Victor aliileta na Bi. Mumbi akaiandika kwa mkono wake, ni mazungumzo na wasimamizi wa maghala ili dereva aliyechelewa kwa muda mfupi asiadhibiwe getini. Pamoja na hayo, jumuiya itaomba zebra kwa barua tofauti, kwa kuwa ruzuku yenyewe haijengi barabara. Bw. Ameir alitaka neno "itaomba" libadilishwe liwe "itadai." Lilibadilishwa.

Iliazimiwa pia kwamba kuanzia leo hakuna kiongozi wa jumuiya hii atakayemshauri mwanachama aliyeumizwa barabarani asiripoti, hata kama aliyemuumiza ni ndugu yetu. Waliokubali: wote watano. Bi. Mardhiya hana kura katika kamati, lakini alinyoosha mkono, na hakuna aliyemwambia aushushe.

Katibu atatayarisha fomu kwa Kiingereza na kuwasomea wajumbe kwa Kiswahili Jumatano jioni kwa simu.

KUMB. NA. 8/10/2025: MENGINEYO

Bw. Alnashir aliingia na trei ya chai na kuomba radhi kwa kutohudhuria. Alisema ukuta ni mwembamba na amesikia yote. Alisema dirisha lake la duka linaangalia kituo cha basi cha Barabara ya Maghala, na kama watu wa tochi watahitaji mahali pa kusimama mvua ikinyesha, atafungua saa kumi na moja alfajiri. Alishukuriwa. Ilikubaliwa kwamba udhuru wake upokelewe, japokuwa umechelewa.

Bw. Ameir alimwambia Bw. Victor kwamba kesho atakwenda kazini kwa basi. Bw. Victor alisema anaelewa. Bw. Ameir alisema asielewe zaidi ya hapo: hajasema milele, amesema kesho.

KUMB. NA. 9/10/2025: KUFUNGA KIKAO

Bi. Mumbi aliwashukuru wajumbe kwa kutoondoka. Kikao kilifungwa saa kumi na moja kamili jioni.

TAARIFA YA KATIBU KABLA YA KUTIWA SAINI

Kumbukumbu hizi zilisomwa na kuthibitishwa katika kikao cha Jumapili, tarehe 14 Desemba 2025. Kwa ombi la wajumbe, Katibu anaandika hapa yaliyofuata.

Jumatatu tarehe 13 Oktoba, Bw. Victor alikwenda polisi akiwa na Bw. Elkana na kutoa maelezo yake. Bi. Mardhiya na Shiro walitoa ya kwao Jumanne. Shiro alikataa mara ya kwanza alipoombwa. Bi. Mardhiya alikaa kwake mpaka akakubali, na kwa sababu hiyo alichelewa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka saba.

Fomu ilipelekwa Alhamisi tarehe 16 Oktoba, saa tisa alasiri, siku moja kabla ya mwisho.

Polisi wamemwandikia Bw. Victor kwamba hawatamfungulia mashtaka kwa tukio hilo. Mwajiri wake amemwondoa kwenye usukani. Sasa anapakia mizigo ndani ya ghala kwa mshahara mdogo kuliko wa awali. Mara mbili amekaa na wasimamizi kuhusu suala la geti. Mara ya kwanza walimsikiliza kwa heshima wasifanye kitu. Mara ya pili alikwenda na madereva tisa, na wasimamizi wamekubali kuongeza dakika kumi kwa majaribio ya miezi mitatu.

Bw. Elkana alijiuzulu uenyekiti tarehe 26 Oktoba na amebaki mjumbe. Bi. Mumbi anakaimu.

Barua ya Kaunsili ilifika tarehe 9 Desemba. Ruzuku imekubaliwa kwa mwaka mmoja. Kuhusu zebra, barua inasema wahandisi watapima barabara mwezi wa Februari na haitoi ahadi. Bi. Mumbi tayari ameandika kuuliza ni siku gani ya Februari.

Barua hiyo ilisomwa kikaoni mbele ya Bi. Mardhiya. Katika ukurasa wa pili, mahali ambapo mwezi wa Julai paliandikwa kwamba hakuna aliyeumia, safari hii pana majeruhi wawili, kila mmoja na tarehe na saa yake. Bi. Mardhiya aliomba aishike barua mwenyewe. Alisoma mistari hiyo miwili, akairudia tena, na kumpa mumewe aisome. Kisha akasema: "Haya. Sasa tuanze kazi."

Zamu ya kwanza ya kupima mwendo ni Jumatatu, tarehe 5 Januari 2026, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Waliojiandikisha mpaka sasa ni kumi na wanne.

Saini: ……………………………
Elkana Nyakundi
Mwenyekiti wa kikao, Kumb. Na. 1 hadi 4 na mwanzo wa Na. 5

Saini: ……………………………
Mumbi Gathogo
Mwenyekiti wa kikao, sehemu iliyobaki ya Kumb. Na. 5 hadi Na. 9

Saini: ……………………………
Haifa Said Mselem
Katibu

Tarehe: 14 Desemba 2025